Majira ya Kuchipua Huanzia Udongoni
Huko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kalenda hutangaza majira ya kuchipua mwezi Machi, lakini mwenye bustani nyumbani asiitegemee, aupime udongo. Akiufumbata ukabaki donge linalovuja maji, bado haujawa tayari. Njegere huota udongo ukifika nyuzi 5 hivi za Selsiasi. Nyanya hutaka zaidi ya 15, na usiku mmoja wa baridi kali, hata mwezi Mei, huyababua majani yake yakawa meusi. Wapo wanaosema msimu ni mfupi mno, kusubiri ni kupoteza siku. Hoja hiyo ina uzito, ila mbegu ya maharage kwenye tope la baridi huoza kabla ya kuota. Siku huokolewa ndani ya nyumba, miche ya nyanya ikikuzwa dirishani tangu mwanzoni mwa Aprili.