Kofia Kwanza, Kisha Buti: Mavazi ya Kinga kwa Mwendesha Pikipiki Mpya

Asubuhi ya mwezi wa Julai, kabla jua halijachomoza vizuri nyuma ya mabega ya Kilimanjaro, vijana wa bodaboda wa Sanya Juu huketi juu ya pikipiki zao wakiwa wamejifunga kama watu wanaokwenda kuupanda mlima wenyewe. Koti zito limevaliwa kinyumenyume ili mgongo wake uzuie upepo kifuani. Kofia ya sufu imeshushwa hadi masikioni. Miguuni mna soksi nene, na juu ya soksi, kandambili. Kofia ngumu ipo pia, lakini mara nyingi imetundikwa kwenye kioo cha pembeni, ikisubiri askari wa usalama barabarani atokee. Mavazi haya yamechaguliwa kwa akili kabisa, ila aliyeyachagua alikuwa akiifikiria baridi. Lami hakuifikiria.

Kijana anayeanza kazi hii wilayani Siha kwa kawaida huwa ameishiwa fedha siku ileile anayoipata pikipiki. Ama amenunua kwa mkopo, ama ameichukua kwa mkataba, na kila jioni tajiri anasubiri hesabu. Akiambiwa anunue kofia, jaketi, glavu, buti na kinga za magoti kwa mkupuo mmoja, atacheka, na ana haki ya kucheka. Swali lenye maana kwake ni kwamba, kwa fedha kidogo aliyo nayo, aanze na nini? Wodi za majeruhi zina jibu, na jibu hilo halifuati bei za dukani. Linafuata kile ambacho tabibu anaweza kukirudisha mahali pake na kile asichoweza.

Mfupa wa paja ukivunjika huungwa kwa chuma, na baada ya miezi mtu hutembea. Ngozi ikichunwa hupandikizwa. Mfupa wa muundi uliotokeza nje ya ngozi ni kesi ngumu zaidi, kwa sababu uchafu wa barabarani huingia ndani ya kidonda na mgonjwa anaweza kurudi chumba cha upasuaji mara nyingi kabla hajapona. Ubongo uliopondeka hauna fundi. Daktari anaweza kuondoa damu iliyovuja, kupunguza shinikizo ndani ya fuvu na kulinda pumzi ya mgonjwa. Seli zilizokufa hawezi kuzirudisha. Tena kutoka Sanya Juu hadi hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi, kupitia Boma Ng'ombe, ni zaidi ya kilomita 40, na damu inayojikusanya ndani ya fuvu haisubiri gari. Kwa hiyo fedha ya kwanza ni ya kichwa, ya pili ni ya miguu, ya tatu ni ya mikono. Jaketi, ambalo ndilo kijana hutamani kuanza nalo, linafuata baada ya hapo.

Wazo la kumvisha mwendesha pikipiki kofia lilipata nguvu yake ya kitabibu kutokana na daktari aliyeshindwa kuokoa maisha. Mwezi Mei 1935 mwandishi na askari Mwingereza T. E. Lawrence alianguka na pikipiki yake huko Dorset bila kofia, akafariki siku chache baadaye. Miongoni mwa matabibu walioitwa alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Cairns aliendelea kuchunguza majeraha ya vichwa ya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 alichapisha makala iliyoonyesha faida ya kofia. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha matarishi wake wa pikipiki kuzivaa. Ushahidi uliokusanywa tangu wakati huo ni mwingi: mapitio ya tafiti 61 yaliyotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, kwa wale wanaopata ajali.

Namna kofia inavyofanya kazi inaeleza pia namna ya kuichagua. Gamba la nje, lile linalong'aa, kazi yake ni kutawanya pigo na kuzuia kitu chenye ncha. Kazi kubwa inafanywa na povu gumu lililo chini yake, la jamii ileile ya povu jeupe linalofungashiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Kichwa kinapogonga lami, povu hilo hubonyea na kumeng'enyeka, na katika kubonyea huko huongeza kidogo muda ambao kichwa kinatumia kusimama. Muda huo, ambao jicho haliwezi kuuona, ndio unaoamua kama ubongo utatikisika au utapasuka mishipa. Basi kofia isiyo na povu gumu ndani, yenye sifongo laini peke yake, si kinga. Kofia ya mjengo nayo, ile ya manjano ya mafundi, imetengenezwa kwa ajili ya tofali linaloanguka kutoka juu. Haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayerushwa ubavuni kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Dukani, mnunuzi afunue kitambaa cha ndani na kulibonyeza povu kwa kidole gumba. Likiwa gumu na linene pande zote, aendelee. Likiwa ni sifongo, airudishe kofia rafuni.

Nembo nayo itazamwe. Alama ya TBS, au alama ya Umoja wa Mataifa ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba 22.05 au 22.06, inadai kwamba kofia ya aina hiyo imepita majaribio. Katika kipimo cha 22.05, kofia hugongeshwa kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, ambao ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha karibu mita 3. Stika, hata hivyo, ni rahisi kuigiza kuliko povu, na ndiyo maana kidole gumba kinatangulia.

Baada ya hapo ni kipimo cha mwili. Mzunguko wa kichwa hupimwa kwa futikamba ya fundi cherehani, vidole viwili juu ya nyusi, kuzungukia sehemu iliyotokeza kisogoni. Kofia mpya inapaswa kubana mashavu kiasi cha kumfanya mvaaji aonekane kama anayetafuna. Wengi huikimbia hali hiyo na kuchukua kubwa zaidi, hasa Siha ambako wanapanga kuvaa kofia ya sufu ndani. Hilo ni kosa: povu la ndani hulegea kwa matumizi, na kofia iliyopwaya mwezi wa kwanza itakuwa ndoo mwezi wa sita. Mvaaji afunge kamba ya kidevu hadi vidole viwili tu vipite, kisha mwenzake asimame nyuma, ashike ukingo wa kofia kisogoni na kuisukuma juu na mbele kwa nguvu. Ikivuka paji la uso na kutoka, itatoka pia siku ya ajali, kabla kichwa hakijafika chini. Anayehitaji joto atumie kitambaa chembamba kinachofunika kichwa na shingo, na apime kofia akiwa amekivaa.

Kati ya kofia ya wazi na ile inayofunika uso mzima, ipo sababu nzuri ya kuipendelea ya pili. Uchunguzi uliofanywa Hannover, Ujerumani, juu ya kofia zilizotoka kwenye ajali ulikuta kwamba takriban theluthi moja ya mapigo yalikuwa eneo la kidevu na taya. Kofia ya wazi inaliacha eneo hilo uchi. Kioo cha mbele nacho kinazuia vumbi la tambarare ya Sanya na wadudu wa jioni. Kikikwaruzika sana kibadilishwe, kwa sababu taa za gari linalokuja usiku hutawanyika kwenye mikwaruzo. Kioo cheusi kiachwe dukani. Ukungu wa pumzi hupungua kioo kikipakwa tone la sabuni ya maji kwa ndani na kufutwa kwa kitambaa kikavu.

Na rangi? Hapa pana faida isiyogharimu hata shilingi moja ya ziada. Utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba waendesha pikipiki waliovaa kofia nyeupe walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kuumia, kwa asilimia 24 hivi, kuliko waliovaa nyeusi. Na waliovaa nguo za kuakisi mwanga au za rangi kali, kwa asilimia 37 hivi. Vesti ya kuakisi mwanga, kwa hiyo, si sare ya chama tu. Ila isivaliwe chini ya koti.

Fedha ya pili iende miguuni, na hapa mwendesha pikipiki wa Sanya Juu ana bahati. Watafiti wa Australia waliowafuatilia majeruhi 212 wa pikipiki, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2011, walikuta kwamba hata buti ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya pikipiki zilipunguza hatari ya kuumia nyayo na vifundo kwa zaidi ya nusu, zikilinganishwa na viatu vya kawaida au raba. Maana yake ni kwamba buti la ngozi la mtumba kutoka soko la Memorial mjini Moshi, lililopanda juu ya kifundo, lenye soli ngumu na kamba zinazofichwa ndani zisinaswe, ni kinga halisi. Gambuti ambalo kila mfugaji wa Siha analo linazidi kandambili kwa mbali: linazuia matope, miiba na mkwaruzo wa kwanza. Lakini halishiki kifundo kisipinde, na likigusa bomba la moshi linayeyuka. Kandambili haina utetezi wowote. Huruka mguuni sekunde ya kwanza, na kinachobaki ni vidole na lami.

Mikono hutangulia chini bila kuagizwa. Mtu akianguka hujikinga kwa viganja, na ngozi ya kiganja ikishachunwa, kushika jembe au usukani ni mateso ya wiki nyingi. Glavu ya ngozi inayofungwa kifundoni inatosha kuanzia. Isiyofungwa itavuka kama soksi. Kinga za magoti za plastiki hazina thamani kama zinazunguka, basi zivutwe kwa mkono kabla ya kulipiwa.

Juu ya jaketi na suruali, neno fupi. Katika vipimo vya maabara, jinzi ya kawaida hutoboka kwenye msuguano kwa muda usiofika sekunde moja. Ngozi nene hustahimili sekunde kadhaa. Tracksuti ya nailoni huyeyuka na kunasa kwenye kidonda. Katika mitumba hupatikana majaketi ya pikipiki yenye mifuko ya ndani mabegani na viwikoni: hiyo mifuko ni ya kuwekea vibao vya kinga, na muuzaji asiyejua atakuwa ameviondoa au kuvitupa. Koti la kinyumenyume libadilishwe kwa lolote lenye zipu mbele, kwani mikono iliyofungwa na koti lililolegea haijikingi, na ncha zake zinazopepea hutafutwa na mnyororo.

Abiria ndiye anayesahaulika. Wengi huikataa kofia ya bodaboda kwa sababu zenye msingi: inanuka, imevaliwa na watu ishirini tangu asubuhi, na mama aliyesukwa jana hataki kuharibu nywele. Mwendesha pikipiki mpya anaweza kulimaliza jambo hili kwa kofia laini za kitambaa kadhaa zinazofuliwa kila siku, na kwa kuianika kofia ngumu kivulini kila jioni. Kofia isiachwe juani siku nzima, wala karibu na petroli, kwa sababu petroli huyeyusha povu la ndani. Kwa wale wanaopakia mishikaki, hakuna kofia inayotosha vichwa vitatu. Na mtoto anayekaa nyuma avalishwe viatu vilivyofunika kisigino; visigino vya watoto vilivyoingia kwenye spoku ni majeraha yanayokaa kliniki kwa muda mrefu.

Kwa wahudumu wa afya, mambo mawili. La kwanza ni uvuaji wa kofia ya majeruhi. Kama anapumua vizuri na hakuna mwenye ujuzi, aachwe nayo hadi kituoni. Kama anatapika au njia ya hewa imeziba, ivuliwe na watu wawili: mmoja ashike kofia na kichwa visitikisike, wa pili afungue au akate kamba, kisha aweke mkono mmoja chini ya taya na mwingine nyuma ya shingo kushikilia pingili. Hapo wa kwanza apanue kingo na kuivuta taratibu, akiinamisha kidogo ili ipite puani. La pili, majeruhi aliyeinuka mwenyewe, akajipangusa na kudai yu mzima, hasa kama alipoteza fahamu hata kwa dakika moja, asiruhusiwe kwenda kulala peke yake. Ndugu waambiwe wamrudishe haraka akianza kusinzia kusiko kwa kawaida, kutapika mara kwa mara, kuumwa kichwa kunakozidi, kudhoofika upande mmoja au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine.

Katika faili, palipoandikwa "ajali ya pikipiki", muuguzi aongeze kama mgonjwa alivaa kofia, ya aina gani, na kama ilibaki kichwani. Kofia yenyewe, iliyokwisha kupokea pigo, haifai tena hata kama gamba halina ufa, kwa kuwa povu lililobonyea halirudi. Ndugu huichukua pamoja na viatu vya mgonjwa na kuipeleka nyumbani, na baada ya mwezi inaonekana tena kijiweni ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Kabla ya kuondoka nayo wodini, kamba zake zikatwe kwa mkasi.