Amelala, Ubongo Unakesha

"Sikupata hata lepe la usingizi," mgonjwa hulalamika asubuhi. Mwenzake wa chumbani hushangaa: "Mbona nilikusikia ukikoroma?" Vipimo vya ubongo vinaonyesha kwamba mara nyingi wote wawili husema kweli.

Katika shina la ubongo na haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo juu ya shina hilo, zimo seli zinazotuweka macho. Mwaka 1949, Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walichochea shina hilo kwa umeme katika paka waliotiwa dawa ya usingizi. Mawimbi ya ubongo wao yakageuka kuwa ya mnyama aliye macho. Katika sehemu ya mbele ya haipothalamasi kuna seli nyingine, ambazo kazi yake ni kuzituliza hizo za kwanza. Zikifaulu, tunalala.

Kwa mwenye tatizo sugu, yaani anayekosa usingizi angalau usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3 au zaidi, utulivu huo hautimii. Mwaka 2004, Eric Nofzinger na wenzake nchini Marekani walipima sukari inayotumiwa na ubongo. Wagonjwa walipolala, sehemu zinazowaweka watu macho hazikupoa kama zilivyopoa kwa watu wenye afya. Vipimo vya umeme navyo hukuta mawimbi ya kasi, yale ya mtu anayewaza, yamechanganyika na mawimbi ya polepole ya usingizi mzito. Mwili umelala, lakini ubongo bado unasikiliza. Kwa hiyo mtu anaweza kuhesabiwa saa 6 za usingizi na bado akaamka amechoka.

Hapo ndipo juhudi inapogeuka sumu. Anayejilazimisha kulala na kutazama saa kila mara huzidi kuuamsha ubongo wake, hadi kitanda chenyewe kinamtia wasiwasi. Ndiyo maana tangu 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa Marekani kinapendekeza tiba ya fikra na tabia kabla ya vidonge. Tiba hiyo hufundisha hivi: panda kitandani ukiwa unasinzia. Zikipita kama dakika 20 bila usingizi, ondoka, kaa penye mwanga hafifu, urudi usingizi ukikujia. Amka saa ile ile kila siku, hata baada ya usiku mbaya.

Na wewe unayeishi na mgonjwa huyu, usimwambie anadeka kwa sababu ulimsikia akikoroma. Mpeleke kwa daktari.