Saketi Namba 7 Imo Kwenye Ramani Ngapi?

Fungua mlango wa DB, lile sanduku la kugawia umeme, katika jengo la ofisi lililokwisha kutumika miaka kumi hivi. Kwa ndani pamebandikwa karatasi yenye jedwali: namba ya breka, inalisha nini, ampia ngapi. Mara nyingi nusu ya mistari yake imekatwa kwa kalamu. Namba 7, iliyochapwa "Soketi, chumba cha mikutano", juu yake pameandikwa "AC ya bosi", na mshale unaelekea namba 9 ambayo haina maelezo yoyote. Karatasi ile si pambo. Kanuni za Uingereza za BS 7671 zinataka saketi za jengo ziwe na mchoro au jedwali la namna hiyo, kwa kuwa ndilo linalomwambia fundi azime nini kabla hajagusa waya.

Kazi ya kuifanya karatasi iseme kweli huanza zamani, mezani kwa mhandisi, na ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Jengo kubwa halichorwi kwenye ramani moja. Kuna ramani ya taa, ya soketi, ya viyoyozi na pampu. Kila ghorofa ina seti yake, na aghalabu kila seti ina mchoraji wake. DB yenyewe huwekwa mahali pamoja tu, labda kwenye ramani ya soketi ya ghorofa ya chini, ilhali saketi zinazotoka humo zinatambaa hadi kwenye ramani za watu wengine.

Tuseme saketi namba 7 ina breka ya ampia 20. Kwa umeme wa volti 230, hapo pana nafasi ya wati 4,600. Mchoraji wa soketi ameipa mzigo wa wati 3,200 na anaona bado imebaki akiba. Mchoraji wa mitambo, kwenye faili lake, anaiona namba 7 haina kitu, basi anaitwisha viyoyozi viwili vya jumla ya wati 3,500. Ukijumlisha unapata wati 6,700, yaani zaidi ya ampia 29. Ukikagua ramani moja moja hutaona kosa, maana kila moja kwa upande wake iko sawa. Kosa linajitokeza siku ya joto kali, wafanyakazi wamewasha kila kitu, na breka inakatika mchana kweupe bila mtu kujua sababu.

Programu za kuchorea zilipoanza hazikuwa na dawa ya jambo hili. AutoCAD, iliyoingia sokoni Desemba 1982, ilirahisisha uchoraji kweli, lakini soketi ndani yake ilikuwa mistari na nusu duara. Haikujua volti wala mzigo, na namba ya saketi ilikuwa maandishi tu yaliyowekwa pembeni.

Baadaye kampuni hiyohiyo, Autodesk, ilitoa AutoCAD MEP kwa ajili ya wahandisi wa umeme, maji na hewa. Humo soketi inajijua: ina volti, ina mzigo, na inajua imefungwa kwenye saketi gani ya DB ipi. Ili ramani mbalimbali zitumie saketi zilezile, programu inaziweka kwenye faili la pembeni liitwalo EPD, na kila ramani inaunganishwa na faili hilo. Ni kama duka lenye wauzaji wawili na daftari moja la madeni: anayekopesha leo anaona alichokopesha mwenzake jana. Mchoraji wa mitambo sasa akitaka namba 7, anakuta wati 3,200 zimekwisha kuandikwa.

Daftari hilo lina ubishi wake. Ramani inalikumbuka faili la EPD kwa anwani lilipo kwenye kompyuta ya ofisi. Mtu akiihamishia ramani kwenye kompyuta yake ili amalizie kazi nyumbani, au folda ya mradi ikibadilishwa jina, kiungo kinaweza kukatika, na mchoraji aliyebanwa na tarehe ya kukabidhi anaendelea kuchora bila habari za wenzake.

Programu ya Revit ilishika njia nyingine. Ilitoka mwaka 2000, na Autodesk ikainunua kampuni yake mwaka 2002 kwa dola milioni 133. Hapa ramani hazijitegemei. Jengo zima ni modeli moja, na kila ramani ni dirisha la kuitazamia. Kila mtu anafanya kazi kwenye nakala yake, kisha anaioanisha na modeli kuu iliyoko ofisini; mzigo ukibadilishwa, jedwali la DB linabadilika nao. Lakini msanifu majengo kwa kawaida ana modeli yake mwenyewe, na Revit haikubali kufunga kwenye saketi taa iliyomo ndani ya modeli ya mtu mwingine iliyounganishwa tu. Mhandisi analazimika kuzinakili taa zile upande wake, kisha afuatilie kila msanifu anapozisogeza. Tatizo lililofukuzwa mlangoni limeingia dirishani.

Ukubwa wa hasara ya jambo hili ulionekana hadharani nje ya majengo, kwenye ndege. A380 ya Airbus ina nyaya za kilomita 530 hivi. Wahandisi wa Hamburg walizichora kwa toleo la nne la programu ya CATIA, na wenzao wa Toulouse walikuwa wamehamia toleo la tano. Mafungu ya nyaya yalipofika Ufaransa kufungwa, mengine hayakufika yalipotakiwa kuishia. Juni 2006 kampuni ilipotangaza ucheleweshaji mwingine, hisa za mzazi wake, EADS, zilianguka kwa zaidi ya robo kwa siku moja. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa Singapore Airlines Oktoba 2007, karibu miaka miwili nyuma ya ratiba.

Ofisi isiyo na bajeti ya Airbus inaweza kujikinga kwa utaratibu wa bei nafuu zaidi: mtu mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kugawa namba za saketi, wengine wanamwomba. Unachelewesha kazi, na vijana huulalamikia, lakini hakuna programu inayoweza kuamua kati ya wachoraji wawili nani ana haki na namba 7.

Kisha kuna eneo la ujenzi. Fundi anakuta breka imeharibika, anahamishia waya kwenye iliyo jirani, na akiwa mwangalifu anaweka alama kwa kalamu nyekundu kwenye nakala yake ya ramani. Nakala hizo hukusanywa mwishoni, huchorwa upya, na mara nyingi mwenye jengo hukabidhiwa PDF. PDF inaonyesha saketi lakini mzigo wake haumo. Miaka mitano baadaye jengo likiongezwa ghorofa, mhandisi mpya ataanza kwa kutuma fundi azime breka moja baada ya nyingine, aone kipi kinazimika.