Kabla ya kuuza ploti ili uwe rubani

Juzi mwenzetu mmoja, mhasibu wa miaka 40, aliniarifu kwamba anauza ploti yake akasomee urubani pale Uwanja wa Wilson, Nairobi. Sikumkataza. Nilimwuliza tu: umekwisha kupimwa afya?

Rubani wa kulipwa sharti awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa. Macho, masikio, moyo, vyote hukaguliwa. Ukilipa karo kwanza kisha daktari akukatae, ploti imekwenda na kazi hukuipata.

Pili ni saa za angani. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi hudai saa 40. Ya biashara 200, au 150 kwa kozi maalumu iliyoidhinishwa. Hicho ni kima cha chini. Kila saa ni ndege, mafuta na mwalimu. Anayeruka leo akarudi baada ya miezi miwili hulipia somo lile lile tena. Basi weka akiba ungali kazini, soma nadharia jioni, kisha uruke mfululizo. Lipa kwa awamu, na udai stakabadhi.

Tatu, leseni si ajira. Unahodha wa ndege kubwa hudai saa 1,500, na wengi huzichuma katika ndege ndogo. Na safari za kimataifa za abiria zina kikomo cha miaka 65. Kwa hiyo tenga pia fedha za kula na za karo ya watoto unapotafuta kazi.

Mwenzetu hajauza. Jumatatu anakwenda kwa daktari.