Fahamu: Jinsi samaki anavyofundisha roboti kutambua vitu majini gizani

Katika mapango ya Mexico wanaishi samaki wasio na macho, ambao hata hivyo hupita kati ya miamba bila kujigonga. Wanategemea mstari wa ubavuni, mfumo wa hisia ambao karibu samaki wote wanao. Mfumo huo una seli zenye vinyweleo vilivyofunikwa na utelezi mzito. Maji yakisogea, vinyweleo hupinda na ubongo hupata habari.

Wahandisi wanaiga mbinu hiyo kwa kupanga vitambuzi vya mgandamizo kwenye mwili wa roboti. Kitu kinachotikisika majini husukuma maji yanayokizunguka, na kila kitambuzi husoma nguvu tofauti. Mahali penye msukumo mkali zaidi huonyesha kitu kiko usawa gani. Upana wa eneo lililoguswa ndio unaoonyesha umbali: kitu kikiwa karibu, alama huwa nyembamba na kali, kikiwa mbali, hutawanyika na kufifia. Hapo ndipo uzuri wa jambo hili ulipo, maana umbali unapimwa bila kutuma sauti wala mwanga wowote.

Nchini Estonia, Maarja Kruusmaa wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Tallinn aliongoza mradi wa FILOSE, uliounda roboti samaki inayohisi mkondo wa maji.

Mbinu hii inahitajika kwa sababu kamera hushindwa kwenye tope, na sonari, yaani kifaa kinachotambua vitu kwa kutuma sauti, hutoa kelele. Lakini hisia hii hufika karibu tu, takriban mara moja au mbili ya urefu wa mwili wa samaki au roboti, na mwendo wa roboti yenyewe huvuruga usomaji. Hisia hii haitachukua nafasi ya sonari. Itaisaidia pale chombo kinapokaribia kabisa kitu kinachotafutwa.