Shahada ya Mwalimu Inamfaa Nani?



Katika kikao kimoja cha kamati ya elimu hapa Soweto, jijini Mbeya, mzee mmoja wa kanisa aliuliza swali ambalo wengi tumekuwa nalo moyoni: "Mchungaji, tukimchangia mwalimu huyu ada ya shahada ya uzamili, usharika utapata nini? Fedha hizo zingenunua madawati." Swali hili ni la haki. Wafadhili wetu nao hulileta kwa njia yao, wanapotaka kujua mchango wao umezaa nini. Katika toleo hili tunaeleza mafanikio ya wahadhiri na wanafunzi wa elimu ni mambo gani hasa, na namna ya kuyapima.

Vyuo vimesogea karibu

Kwa miaka mingi, mwalimu wa Nyanda za Juu Kusini aliyetaka shahada ya elimu alilazimika kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Aliacha darasa, na mara nyingi aliacha familia pia. Hali ilianza kubadilika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kwa kuwa mwalimu aliweza kusoma huku akiendelea na kazi, akipata huduma katika vituo vya mikoa, vikiwemo vya Mbeya na Iringa.

Makanisa nayo hayakubaki nyuma. Dayosisi ya Iringa ya KKKT ilianzisha chuo katika miaka ya 1990, ambacho mwaka 2013 kilikuwa Chuo Kikuu cha Iringa. Kanisa la Moravian lilianzisha Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji hapa Mbeya, kwa jina la askofu wake. Kanisa Katoliki nalo lina Chuo Kikuu cha Ruaha mjini Iringa. Kwa upande wa Serikali, mwaka 2005 iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Juu ya Mkwawa, Iringa, ilifanywa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shule za sekondari za kata zilikuwa zikiongezeka kwa kasi chini ya mpango wa MMES, na walimu hawakutosha.

Mafanikio ni yapi?

Tunaposikia kwamba mhadhiri amepanda cheo, tusidhani ni suala la mshahara tu. Ngazi zake zinajulikana: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na profesa. Ili apande, pamoja na kufundisha, anatakiwa kufanya utafiti na kuuchapisha katika majarida ambayo wataalamu wenzake huukagua kwanza. Kusimamia wanafunzi wa uzamili hadi wamalize nako ni sehemu muhimu ya kazi yake.

Kwa mwanafunzi, fanikio kubwa ni tasnifu. Baada ya kusoma kozi zake, huchagua tatizo moja, huandika pendekezo la utafiti, na hupangiwa msimamizi. Chuo humpa barua ya kibali, naye huipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani au kwenye halmashauri, ndipo afike kwa mwalimu mkuu. Akishakusanya maelezo huandika, husahihishwa, huandika tena, na mwishoni kazi yake hupimwa na mtahini wa ndani na wa nje ya chuo. Hivyo mwalimu anayerudi na shahada amejifunza jambo moja la maana: kutosema "watoto wa siku hizi ni wavivu" kabla hajahesabu, hajauliza na hajaangalia.

Mfano: lugha ya darasani

Jina la Soweto linatukumbusha Soweto ya Afrika Kusini, ambako tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kufundishwa kwa Kiafrikana, na wengi wakauawa. Lugha ya kufundishia si jambo dogo.

Mwaka 2002 watafiti wa elimu wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei walianzisha mradi wa pamoja ulioitwa LOITASA, kuchunguza lugha ya kufundishia katika nchi za Tanzania na Afrika Kusini. Miongoni mwa viongozi wake walikuwa Profesa Birgit Brock-Utne wa Chuo Kikuu cha Oslo, Zubeida Desai wa Chuo Kikuu cha Western Cape na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mradi huo ulisomesha pia wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Halima Mwinsheikhe, Mtanzania aliyesoma Oslo, alichunguza ufundishaji wa sayansi katika sekondari zetu. Aliona kwamba wanafunzi walishiriki zaidi somo lilipofundishwa kwa Kiswahili, na kwamba walimu wengi walikuwa wakichanganya lugha ili waeleweke.

Je, utafiti huo ulibadili sera? Tuseme ukweli. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ya kutumika katika ngazi zote, lakini toleo la mwaka 2023 limekiacha Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Hata hivyo kazi ile haikupotea. Mwalimu aliyeisoma anajua kwamba ukimya wa kidato cha kwanza si lazima uwe ujinga. Huenda mtoto analo jibu ila hana maneno ya kulitoa. Mwalimu wa namna hiyo hufundisha msamiati kwanza, na hampigi mtoto kwa kunyamaza.

Kamati iulize nini?

Hatari ipo. Tasnifu inaweza kubaki kabatini chuoni, na mwalimu akahamia mjini mara tu apatapo cheti. Kwa hiyo tunashauri kamati za usharika zikubaliane na mwalimu mapema, kwa maandishi, juu ya mambo manne:

1. Tatizo atakalolichunguza litoke, ikiwezekana, katika shule zinazotuzunguka: utoro, kusoma na kuandika, hesabu, au wasichana wanaoacha shule.
2. Akimaliza, alete nakala ya tasnifu na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi, ausome mbele ya wazazi.
3. Afundishe shuleni kwa muda uliokubaliwa, na awaelekeze walimu wenzake.
4. Taarifa kwa wafadhili isiishie kwenye picha ya joho. Ieleze nini kimebadilika darasani.

Aidha, kamati ijue kwamba si kila mwalimu anahitaji uzamili. Shule yenye mwalimu mwenye shahada ya somo lakini asiyesomea ualimu inaweza kufaidika zaidi akipata stashahada ya uzamili katika elimu, ambayo kwa kawaida huchukua muda mfupi na gharama ndogo zaidi.

Kikao cha Soweto kiliendelea hadi jioni. Mwishowe kamati iliamua kununua nusu ya madawati mwaka huo na kumlipia mwalimu ada ya mwaka wa kwanza, kwa masharti hayo manne. Mzee aliyeuliza swali ndiye aliyepewa kazi ya kutunza mkataba. Alisema, "Dawati nitalihesabu kwa macho. Huyu mwalimu nitamhesabu kwa watoto watakaosoma."

Nasi tunawaomba, wanakamati na wafadhili wetu wapendwa, mhesabu hivyo hivyo.