Thomas Ulimwengu: Nchi nne ndani ya miaka miwili

LORI la mizigo ya Congo likishamalizana na kituo cha ukaguzi cha Misugusugu, Kibaha, dereva anaijua njia: Morogoro, Tunduma, Zambia, halafu Lubumbashi. Ni mbali, ila haipotezi.

Mchezaji wa Kibongo anayesaka maisha nje hana njia iliyonyooka hivyo. Mfano ni straika Thomas Ulimwengu, ambaye naye safari yake kubwa ilianzia hukohuko Lubumbashi.

Mzaliwa huyo wa 1993, zao la Tanzania Soccer Academy (TSA), alitua TP Mazembe mwaka 2011, mwaka uleule ambao Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda huko. Novemba 2015 Mazembe ikabeba Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuichapa USM Alger ya Algeria jumla ya mabao 4-1. Mwezi uliofuata ilikuwa Japan kwenye Kombe la Dunia la Klabu.

Hapo ndipo njia zikagawanyika. Januari 2016 Samatta akaenda Genk ya Ubelgiji. Ulimwengu alibaki hadi mwisho wa mwaka huo, kisha akaondoka akiwa na miaka 23 tu.

Mwaka 2017 akasaini AFC Eskilstuna, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu ya Sweden. Majeraha yakamuandama, na timu ikamaliza mkiani na kushuka daraja. Mwaka 2018 akaibukia Sloboda Tuzla ya Bosnia, hakudumu. Akageukia Al Hilal ya Sudan, kisha JS Saoura ya Algeria, iliyopangwa kundi moja na Simba kwenye Ligi ya Mabingwa na kupigwa 3-0 Dar es Salaam Januari 2019.

Hesabu mwenyewe: nchi nne ndani ya miaka kama miwili.

Pamoja na misukosuko hiyo, alikuwemo kwenye kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda AFCON 2019 nchini Misri, fainali za kwanza kwa Tanzania baada ya miaka 39. Baadaye akarudi Mazembe, na mwaka 2023 akatua nyumbani, Singida Fountain Gate.

Vijiweni watu humaliza kesi haraka: "Jamaa alifeli Ulaya." Ni rahisi kusema. Kila uhamisho maana yake kocha mpya, lugha mpya na kuanza upya kugombea namba. Straika anapimwa kwa mabao, na klabu inayopigania kubaki ligi kuu haina muda wa kumsubiri mgeni anayetibiwa. Samatta alikaa Genk miaka minne, akazoeleka na kufunga, ndipo Aston Villa ikamchukua Januari 2020. Ulimwengu hakuwahi kuupata utulivu huo nje ya Lubumbashi.

Hata hivyo, aliendelea kupata kazi. Sweden, Bosnia, Sudan na Algeria hazimpi mtu mkataba kwa huruma.

Kwa kijana anayeota kutoka, swali la kwanza lisiwe "ni Ulaya au siyo Ulaya?" Aulize kocha anamtaka kwa nafasi gani, timu ina hali gani kwenye ligi, na mkataba unasemaje akiumia. Majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko picha ya kuinua jezi mpya.